Test yangu ilikuwa inamwamkia marehemu babu, na kuna aliyekuwa anaitikia

Wakuu, heshima mbele. Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Lushoto, sikusimuliwa na mtu. Nimeyapunguza kidogo, sijaongeza.

Nimemaliza chuo, nikapata kazi ya muda wa majaribio kwenye kampuni ndogo ya software. Nafanyia chumbani kwangu. Bosi wangu, dada Neema, yuko Dar.

Tunatengeneza mfumo wa wakulima wadogo wa chai. Mkulima akileta majani kituoni, karani anaingiza kwenye mfumo, mkulima anapata SMS. Akijibu, jibu lake linaonekana kwa karani.

Kazi yangu ni kuandika test, yaani programu inayofungua browser yenyewe, inajaza taarifa, inabonyeza vitufe kama mtu. Browser hiyo haipo kwenye laptop yangu. Ipo cloud, kwenye mashine ambayo hata nchi iliyopo siijui.

Test inahitaji mkulima wa kubuni. Nikaweka jina la babu yangu, Mzee Rajabu, aliyelima chai kule Mponde mpaka alipofariki. Namba ya simu nikaweka yake, kwa sababu ndiyo pekee niliyoishika kichwani tangu utoto. Nilijua laini imeshakufa. Na kwenye mazingira ya majaribio SMS zilikuwa haziendi popote.

Ujumbe wa kwanza niliutunga mimi: "Shikamoo Mzee Rajabu. Karani anapima majani yako." Wa pili, kwamba majani yamepokelewa, unafuata kabla test haijabonyeza kitufe cha mwisho.

Huwezi kumwandikia mzee wa huku bila shikamoo, hata kama wewe ni mashine.

Basi test ikaanza kuniumbua. Asubuhi inapita, alasiri inafeli. Kosa ni lilelile: kitufe cha mwisho hakibonyezeki.

Dada Neema aliniambia waziwazi kwamba mfumo unaonyeshwa kwa viongozi wa wakulima hivi karibuni, na kama test zangu hazitatulia, mkataba hakuna. Mimi ni mtu wa kuwaza sana. Nililaumu mtandao, nikalaumu ukungu, nikafika mpaka kwenye nyota yangu.

Mwisho nikaamua kufanya live debugging. Unaiambia test isimame mahali fulani, halafu unafungua skrini ya ile browser ya mbali ukiwa kwako. Unaona inachokiona, na unaweza kushika mouse yake.

Ilikuwa alasiri, ukungu umeshafika dirishani. Jina la babu likaanza kujiandika, herufi moja moja. Nimeliona mara nyingi, lakini siku ile sikulipenda.

SMS ya kwanza ikaenda. Test ikasimama nilipoiambia.

Kisha kidirisha kikachomoza pembeni, juu kabisa ya kile kitufe cha mwisho.

"Ujumbe mpya kutoka kwa Mzee Rajabu: Marahaba."

Nikajiambia ni mwenzetu ananitania. Nikaangalia, kwenye ile browser nilikuwa peke yangu. Sijamaliza kuangalia, kikaja kingine.

"Mbona umesimama?"

Wakuu, test yangu kweli ilikuwa imesimama. Na waliojua hilo ni mimi na ile mashine tu.

Nilisoma Ayatul Kursiy, nikamtumia dada Neema link aingie aone. Akaona. Akaniandikia: "Nyie watu wa Tanga mna mambo yenu. Msinihusishe, mimi nina watoto."

Baadaye akarudi akiwa serious. Kumbe mtu kwenye timu aliwasha SMS za kweli kwa maandalizi ya ile siku ya kuwaonyesha viongozi wa wakulima. Akasema nisiogope, maana yake ni kwamba hiyo namba ina mtu.

Yeye aliona amenituliza. Mimi nikabaki na sentensi moja kichwani: namba ya babu ina mtu.

Nikashika mouse, nikabonyeza sehemu ya kujibu, nikaandika: "Samahani, naongea na nani?"

Jibu lilichelewa. "Wewe ndiye uliyeamkia. Ni mtoto wa nani?"

Nikafunga laptop.

Kesho yake nikaenda Mponde kwa bibi, kumuuliza laini ya babu ilienda wapi. Nilimkuta anachambua maharage. Nilipoitaja tu namba, akafungua pindo la kanga, akatoa simu ya babu. Laini ameitunza miaka yote, anaiwekea vocha isifungwe. Hakutuambia kwa sababu hatukuuliza.

Asubuhi anakuwa shambani, simu inabaki ndani. Alasiri akirudi anaikuta salamu, anaitikia. Kile kidirisha cha jibu lake ndicho kilichokuwa kinafunika kitufe changu.

Nikamweleza yote. Alisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo si mtu?"

"Si mtu, bibi. Ni mtambo."

Nikamuuliza kwa nini aliandika mbona umesimama.

"Huwa akishaamkia anasema majani yamefika. Siku ile akanyamaza. Nikaona labda ameanguka na mzigo njiani."

Nikamwambia angeacha tu kujibu. Hapo akaniangalia vibaya.

"Mtu anamwamkia mume wangu kwa jina lake. Nyie wenyewe jina lake mmeacha kulitaja. Nimwache bila marahaba?"

Nilifungua laptop palepale, nikaitoa namba, tukazima SMS za majaribio. Tangu hapo test inapita asubuhi na alasiri. Mkataba nimepewa.

Sasa nampigia bibi kila alasiri. Namwamkia, anaitikia, tunacheka. Nilidhani nimeziba pengo.

Juzi akaniambia taratibu, "Wewe unaniamkia mimi, mjukuu wangu. Yeye sasa anaamkiwa na nani?"

Nilichojifunza: usiweke namba ya mtu wa kweli kwenye test, hata kama una hakika hayupo. Na usitume shikamoo mahali ambapo hukujiandaa kusikia marahaba.

Mliowahi kuona browser ikiwajibu, wekeni yenu hapa. Na nyie mnaoona ningeiacha ile namba kwenye test kwa ajili ya bibi, semeni bila kunionea haya. Mkataba ninao, ila alasiri hazijanikalia sawa bado.