Kitanda Kilichoelea

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilirudi kwetu Sib na mkoba wa nguo, harusi yangu haijatimiza hata mwezi, nimefura kama andazi. Mume wangu, huyu babu yako anayekoroma hapo ukumbini, alitaka tukaishi Wadi Kabir karibu na gereji yake. Mie nataka Sib, karibu na mama. Hakuna aliyelegeza. Nikasema basi, anipe talaka yangu!

Bibi yangu alinikuta nimejitupa juu ya kitanda chake cha kamba. Akacheka, lo, mpaka mtandio ukamdondoka.

"Unakijua kitanda ulichokilalia?"

Nani kwetu asiyekijua? Bibi na babu walipokuwa maarusi, zamani hizo, chombo walichopanda kutoka Unguja kiligonga mwamba pwani ya Sur kikavunjika. Wengi walizama, Mwenyezi Mungu awarehemu. Kila Alhamisi tukiwasomea Kurani. Wao wawili kitanda hiki ndicho kilichowaokoa.

"Ila hujui tulivyogombana majini," akasema. "Babu yako kapanda juu, kitanda kikapinduka, nikanywa maji. Nikapanda mie, akanywa yeye. 'Shuka wewe!' 'Shuka wewe!' Na hata uso wake sijauzoea bado! Mwisho tukashika, yeye huku, mie huku, hakuna wa juu. Kikatulia. Ndipo tukaanza kuzungumza, hata wavuvi wakatukuta twacheka. Haya, nyanyuka kitandani mwangu, mwanamke wee, urudi kwako."

Nikanyanyuka. Kufungua mlango tu, namwona mume wangu yupo barazani, kashika halua, haya zimemjaa. Furaha niliyoipata siku ile, mwanangu, mpaka leo nnayo! Tukaja kuishi hapa Mawaleh, si kwake wala si kwetu.

Sasa bibi harusi ni wewe. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, kwa hiyo mtagombana tu, usijidanganye. Siku hiyo usishindanie kupanda juu, wala usikubali mwenzio apande peke yake. Shika upande wako, naye ashike wake, mzungumze.

Kitanda kile bibi aliniachia mie, nami nimeshakiwambisha kamba mpya, Ijumaa kinakuja kwako. Mola akujaalieni kheri, na watoto watakaogombania nafasi juu yake, inshallah wote watoshe.