Viatu Vyenye Tope la Bomun

"Mama Yuna, hivi vile viatu vya kiume mlangoni pako ni vya nani?"

Shemasi Bang, jirani yake wa mlango wa pili, aliuliza hivyo mikono yake ikiwa imezama kwenye beseni la kabichi, mbele ya akina mama wote wa kanisa waliokusanyika uani kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili, ya majira ya baridi.

Geum-sun, ndiye Mama Yuna, hakuinua uso. "Vya kutishia wezi, Shemasi. Mjane aweke nini tena mlangoni?"

Si jibu geni. Pale Daejeon, mji wa Korea, wanawake wengi wanaoishi peke yao huacha jozi ya viatu vya mwanamume mlangoni, mpita njia adhani mwenye nyumba yumo.

"Haya," alisema Shemasi Bang. "Ila mwaka jana vilikuwa na vumbi. Siku hizi vina tope bichi. Huyo marehemu anatoka kwenda wapi?"

Akina mama walicheka hadi wakajishika mbavu kwa viwiko, maana viganja vilijaa pilipili. Geum-sun naye akacheka. Uso ulimwaka moto, akasingizia pilipili.

Kazi yake ilikuwa kufuatilia waume za watu. Alipofiwa, ofisi ndogo ya upelelezi nyuma ya soko ilimchukua, kwa kuwa mwanamke wa makamo mwenye kofia ya jua na kikapu hakuna anayemtazama mara mbili. Kila alfajiri, kabla ya kazi, alipita kanisani kusali. Wazinzi aliowafuata aliwaombea pia, kwa huruma ya mtu anayedhani yeye hawezi kufika huko.

Kisha akaja Mama Seri, mke wa Ma Jong-pil. "Dada, mume wangu ana mwanamke," alisema kwa sauti ndogo. "Asubuhi anatoka na suti, jioni anarudi na viatu vya tope. Ofisi gani ina tope?"

Geum-sun alimfuata yule bwana. Hakuenda kwa mwanamke yeyote. Alipanda mlima Bomun na suti yake, tai na mkoba, akaketi kwenye benchi akiutazama mji mpaka saa za watu kutoka kazini. Alikuwa ameachishwa kazi, na hakuwa na uso wa kumwambia mkewe.

Siku moja mvua iliwabana wote wawili chini ya kibanda cha wapanda mlima. Jong-pil akamenya kiazi kitamu cha kuchoma, akamkatia nusu.

"Wewe umetumwa na mke wangu, sivyo? Kofia hiyo naijua sasa kuliko tai yangu. Nakuomba, usimwambie. Nikipata kazi nitamwambia mwenyewe."

Geum-sun akamhurumia. Alimwambia Mama Seri, "Hana mwanamke," na siku hiyo ilikuwa kweli. Mama Seri alimshika mikono, akalia kwa furaha. Lakini kiazi kikaleta chai, chai ikahitaji paa mvua iliponyesha tena, na paa lililokuwa karibu na mlima lilikuwa la Geum-sun. Akawa anavigeuza viatu vya yule bwana vitazame nje, kama anavyofanyiwa mgeni wa heshima, na kila alipoinama kuvigeuza alijua vizuri anachofanya. Kanisani alfajiri akaacha kwenda. Angemwambia nini Mungu?

Sasa, kabichi zilipokaribia kwisha, Mama Seri akaingia uani na sinia la nyama ya kuchemsha. Hakumtazama mwingine ila Geum-sun. Alikunja kipande cha nyama ndani ya jani la kimchi mbichi, akakisogeza kwa mkono wake mwenyewe.

"Dada, fungua mdomo! Aliyeniponyea ndoa yangu ale wa kwanza!"

Geum-sun akafungua mdomo. Alitafuna akiwa ameinamisha macho. Shemasi Bang alimtazama yeye, akamtazama Mama Seri, kisha akarudi kwenye beseni lake. Kimya kile kilimuuma Geum-sun kuliko kicheko chote.

Asubuhi yake akampigia Jong-pil simu, akamkataza kuja tena. Kisha akaenda kubisha kwa Mama Seri. Mlango ukafunguka upesi.

"Ah, dada! Baridi yote hii? Vua viatu uingie, sakafu ina joto."

Geum-sun hakusogea.

"Mama Seri, nakuomba usinikaribishe ndani kwanza. Nisikilize nikiwa hapa nje, na viatu vyangu miguuni."