Mwenzangu Kazini Anamlishia Mchumba Wangu wa Zamani Sungura, na Mimi Nangoja Harusi Yao

Admin, nifiche vizuri, maana Garsen ni ndogo na watu wanajuana hadi kwa kikohozi. Majina niliyoyaweka humu si yao.

Mimi ni dada wa miaka thelathini na moja, Mpokomo, sijaolewa. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wanyama ya kituo kimoja cha utafiti. Tunafuga panya na sungura wa kufanyiwa majaribio ya dawa. Kazi yangu ni kuosha vizimba, kubadilisha maranda wanayolalia, kuwapa chakula na maji, na kumwambia daktari nikiona mnyama hayuko sawa. Kuna watu wananicheka eti nalipwa kuzoa mavi ya panya. Wacheke. Kazi hiyo ndiyo iliyoezeka nyumba ya mama yangu mabati.

Ina masharti lakini. Ukifika unaoga, unavaa nguo za mle ndani, na ukitoka unaziacha. Sharti kubwa kuliko yote, mfanyakazi hafugi sungura nyumbani wala hashiki wa jirani. Sungura wa nje anaweza kuwa na mafua, na mafua hayo yakienea kwetu, chumba kizima kinauawa. Ukijulikana umevunja sharti hilo, unafutwa siku hiyo hiyo.

Sasa nisikilizeni. Nilikuwa na mchumba, Komora, wa Tarasaa. Anafuga sungura nyuma ya nyumba yao, anauzia hoteli. Kwa ajili yangu alikubali kwamba tukioana atawauza wote afuge kuku. Wazee wa kwao walishakuja kwetu kujitambulisha, tukawapikia wali na samaki wa nazi, wakala wakashukuru.

Kazini nina mwenzangu, Kadzo. Ni mimi niliyemwombea kazi alipokuwa hana mbele wala nyuma, na ni mimi niliyemfundisha hata namna ya kumbeba sungura asije akamvunja mgongo. Tulikula sahani moja. Mambo yangu yote na Komora alikuwa anayajua. Kikulacho ki nguoni mwako, nimeamini.

Siku moja nikaenda Tarasaa kumsalimia mama yake Komora. Nikaingia jikoni, nikapika chai, nikammiminia. Akakishika kikombe, akakiweka chini, hakunywa.

"Mwanangu, usikasirike," akaniambia. "Tumesikia hao wanyama wenu wana maradhi ya kuharibu kizazi. Mimi nataka wajukuu."

Nikamuuliza nani kasema.

"Si huyo huyo mwenzako Kadzo aliyetuambia. Yeye anaosha mabakuli tu, hao wanyama hawagusi. Wewe ndio unashinda umewapakata."

Uongo mtupu. Mimi na Kadzo tunafanya kazi moja, chumba kimoja, sungura wale wale. Nilijieleza mpaka chai ikapoa, mama hakusikia. Komora naye hakunitetea, alisema tu mama ni mama. Baada ya muda mfupi nikasikia amepeleka posa kwa kina Kadzo. Nilimkabili Kadzo kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na wala hakuinamisha macho. "Dadangu, riziki haivutwi kwa kamba," akasema huku akifunga vifungo vya ovaroli. Mkono uliniwasha kumzaba kofi. Nikachukua ndoo yangu nikaingia kazini.

Lakini Mungu si Athumani. Wiki iliyopita Kadzo aliweka picha kwenye status yake ya WhatsApp, yuko nyuma ya nyumba ya kina Komora, amempakata sungura mkubwa wa kijivu, anacheka. Alisahau kunizuia nisiione. Picha ninayo. Kila Jumapili anaenda kuwalisha, Jumatatu anaingia kwetu. Na hawezi kumwomba Komora awauze, kwa sababu Komora alijua kwangu kwamba sharti hilo ni la wanaoshika wanyama. Akifungua mdomo tu, mama mkwe atajua kwamba naye anawashika kama mimi. Uongo wake mwenyewe umemfunga miguu.

Ningeweza kumwonyesha daktari picha hiyo leo. Atafutwa, sawa, lakini atakwenda Tarasaa na uongo mwingine na ataolewa vilevile. Mimi nataka aolewe kwanza. Harusi ni mwezi ujao. Nataka avae shela, apigiwe vigelegele, aingie nyumba ile, halafu ndipo afutwe na Tarasaa nzima ijue amefutwa kwa nini. Nataka yule mama ajue kwamba chai anayopikiwa kila asubuhi inatoka kwenye mikono iliyopakata wanyama walewale. Nikiwaza hivyo nalala vizuri, sitawadanganya.

Shida ni hii. Kuna sungura mmoja jike, mweupe, mzee, namwita Bibi. Nimemlea tangu hajafungua macho. Nikiingia asubuhi husimama kwa miguu ya nyuma kunitazama. Leo Bibi amepiga chafya, na pua ina majimaji. Kadzo alikuwa pale karibu akijaza maji, na alisikia. Akanitazama, akaendelea na maji yake. Mimi nikampangusa Bibi pua kwa mkono wa ovaroli, nikafunga kizimba.

Daktari akachungulia mlangoni, akauliza kama kawaida yake, "Wote wazima?"

Nikamjibu, "Wazima, daktari."

Nikisema sasa, atatolewa Bibi peke yake na huenda wengine wakapona, lakini wataulizana mafua yametoka wapi, picha itatoka, na Kadzo ataponyoka kabla sijamshika ninapotaka. Nikingoja harusi, nitampata, lakini chumba kizima kitakwenda naye. Msinipotezee muda na habari za kusamehe, hizo nimezisikia kanisani. Nishaurini hili moja tu. Kesho asubuhi daktari atachungulia tena pale mlangoni na kuuliza. Nimjibu nini?