Sare ya Binti wa Fundi

Tangu fundi arudi kutoka vitani ilikuwa miaka sita, na mtaa ulishamzoea. Aliongea na cherehani yake, na mlango ukibamizwa alijitupa chini ya meza ya kukatia. Wenye midomo mirefu walisema amerukwa na akili. Lakini suruali zao nani aliwapunguzia kiuno?

Binti yake alipoajiriwa kazi ya uuguzi, fundi akashika moja: sare atashona mwenyewe. Dada yake, aliyekuwa akimtunza, akaguna.

"Kaka, mtoto anaanza kazi Jumatatu. Tumpeleke kwa fundi mwingine."

"Shangazi, mwache baba," binti akasema. "Tukimnyima hii, hatashika tena mkasi."

Fundi alijua ni kweli. Siku tatu alijifungia na kile kitambaa cheupe. Sauti ya mkuu wake wa zamani haikumpa nafasi: fanya haraka, wengine wanaletwa. Akanong'ona, "Hapana, afande, hii ni ya mwanangu," huku akikanyaga cherehani kwa nguvu zake zote.

Jumapili asubuhi binti akaichukua ile sare ya gauni aivae. Akatafuta pa kupitishia kichwa, hakupaona. Chini, kwenye pindo, kulikuwa kumeshonwa kukafungwa, mshono mara mbili, nadhifu kuliko wote.

Shangazi akaangua kicheko. "Kaka, umemshonea foronya?"

Fundi hakucheka. Aliukodolea macho ule mshono.

"Upande wa miguu hufungwa mwisho," akasema.

Akawasimulia, na hapo ndipo walipojua kazi aliyopewa vitani. Hakuwahi kufyatua risasi hata moja. Alipewa cherehani na majora ya kitambaa cheupe, akawashonea mifuko waliorudishwa wamelala, wasioamka tena. Wengine walikuwa na umri wa binti yake. Shangazi akaona aibu, akaketi.

"Mpelekeni kwa mwingine," fundi akasema. "Mimi nimekwisha."

Binti akafumua mshono wote, taratibu. Kisha akaivaa sare, akapanda juu ya kigoda, akamwekea baba yake futi mkononi.

"Nipime pindo, baba."

Fundi akapiga magoti. Binti akayumba kidogo juu ya kigoda, naye akamkemea kama anavyowakemea wateja wote: "Tulia, mama."

Binti akatulia tuli. Fundi akainua uso, akaiona miguu ile imesimama kimya ndani ya kitambaa cheupe, hofu ikamshika. Akaikumbatia kwa mikono miwili, akalia kwa sauti.

"Usitulie," akasema. "Usitulie, mwanangu."