Diwani Aliyeitikia Jina Lake

Kalekye hakupenda kuamrishwa namna ya kuimba, na Diwani Gachanja hakujua kuomba jambo bila kuamrisha. Ndiyo maana miaka yote waliyofanya kazi pamoja ilikuwa ya kununiana, ingawa mbele ya watu walichekeana vizuri tu.

Kalekye alitoka Mwala, Machakos, mwaka wa 1968, mwanawe Munyao mgongoni, akimfuata mumewe Muia aliyekuwa mwashi. Walipanga chumba Soweto, ule upande wa magharibi wa Kibera, na Kalekye akafanya kazi alizozijua: kulima mboga kando ya kijito na kusuka vyondo, vikapu vya katani. Alikuwa pia na sauti. Haikuwa tamu. Ilikuwa sauti ya kukata, ile inayofika ng'ambo ya bonde hata upepo ukiipinga, na kwa sababu yake wanawake wa kikundi chake cha kusuka walimfanya kiongozi wa nyimbo bila kupiga kura.

Kikundi kilikuwa cha Wakamba watupu, isipokuwa Seline, mama wa Maragoli aliyeingia kwa ubishi na kubaki kwa sababu hakuna aliyempita kwa kupiga ngoma. Vyondo vyao walivisukia na kuviuzia Kawangware, katika pembe ya ploti ya Gachanja. Alikuwa amewapa pembe hiyo mwaka wa 1974, alipokuwa akitafuta udiwani. Mbao zilikuwa zake. Mabati waliyachanga wenyewe, wakayabeba vichwani, wakayapigilia wenyewe. Lilikuwa banda la hovyo, lakini mvua haikuingia, na wateja walijua pa kuwapata.

Kwao Kalekye, mtu akitoa kitu huimbiwa kitu hicho. Kiongozi anauliza: nani katoa? Wenzake wanajibu jina. Basi akatunga wimbo wa banda, kwa Kiswahili ili Kawangware nzima ielewe, na Gachanja akashinda kiti. Baada ya mwaka mmoja hivi akafungua kiwanda cha ngozi huko juu ya kijito. Akaja bandani akiwa na kofia yake nyeusi.

"Mama Munyao, hapo kwa banda mmesema vizuri. Lakini banda ni kitu kidogo. Wekeni kiwanda."

"Kiwanda hatujapewa, Mheshimiwa. Sisi tunaimba tulichopewa."

"Kwani ngozi ikitengenezwa hapa si maendeleo? Wekeni. Na jina langu lisikike."

"Litasikika."

"Lisikike mara nyingi!"

Kalekye akaweka kiwanda, huku akijilaumu kwa kuharibu wimbo mzuri. *Moshi unapanda, kiwanda cha nani?* Wenzake: *Cha Gachanja!* *Ngozi yanukia, lori la nani?* *La Gachanja!* Ngozi haikunukia. Ilinuka hadi watu wakafunga madirisha. Lakini Gachanja aliupenda ubeti huo kupita kiasi. Aliwabeba wanawake kwa lori kwenda kila mkutano, wake na wa wenzake, Kawangware, Makina, Soweto, na kila jina lake lilipotajwa alisimama, akainua kofia, akageuka pande zote. Watoto wakaufanya mchezo: mmoja anakuwa Gachanja, wengine wanaimba, naye anasimama na kuketi mpaka achoke.

Mwaka wa 1979 mvua ya Aprili ilikuja na hasira. Nyuma ya kiwanda kulikuwa na bwawa la maji yaliyooshewa ngozi, maji ya chokaa na dawa, limezuiwa kwa ukuta wa udongo tu. Ukuta ukabomoka. Asubuhi kijito cha Kibera kilikuwa cheupe kama uji, kikichukua manyoya. Bata walielea wakiwa wamekufa. Sukuma wiki ya Kalekye ilibabuka majani ikalala chini, na nduma zilipong'olewa zilikuwa zimeoza kabla ya kukomaa. Seline, aliyevuka maji peku kuokoa mbuzi wake, alivimba miguu, kisha ngozi ikamtoka kama ganda la kitunguu. Mbuzi naye alikufa.

Watu wakauliza swali moja tu: kiwanda ni cha nani? Halikuwa swali la umbeya. Gachanja aliketi katika kamati ya baraza la mji iliyotoa leseni. Kama kiwanda kilikuwa chake, basi alikuwa amejipa leseni mwenyewe, akajiruhusu mwenyewe kuchimba bwawa juu ya maji ya watu. Magazeti yaliandika. Gachanja akajibu kwamba kiwanda ni cha shemeji yake, Muigai, na kwamba Muigai yuko Nyahururu na haijulikani atarudi lini.

D.O., mkuu wa tarafa, akaitisha baraza la wananchi katika uwanja wa Makina. Gachanja akaja bandani.

"Mtaniimbia kama kawaida. Ila pale kwa kiwanda mseme Muigai."

Kalekye alimtazama. "Mheshimiwa, si tuache tu kuimba siku hiyo?"

"Nikifika bila nyimbo watasema nimeogopa."

"Basi tuimbe ubeti wa banda, tukomee hapo."

"Mama Munyao, nani mwenye ploti hii?"

Alipoondoka, Seline, aliyekuwa ameketi na miguu ndani ya karai la maji ya chumvi, akasema, "Mimi sipigi ngoma ya huyo mtu. Tazama hii miguu."

"Nimeiona. Shamba langu umeliona?"

"Sasa utamwimbia kwa nini?"

"Kwa sababu shamba limekwenda na banda bado lipo. Tukikosa na hili tutasukia wapi? Kwenye mgongo wako?"

Seline akatukana kwa Kimaragoli, halafu akauliza baraza ni saa ngapi.

Ndani ya lori walifanya mazoezi. Kiwanda cha nani? Cha Muigai. Syombua, mdogo kupita wote kikundini, alisahau kila mara na kusema Gachanja, na Kalekye akamkaripia mpaka akalia. Walipofika Makina, alikuwa na hakika na wenzake. Hakuwa amewafikiria watu wa uwanjani.

Uwanja ulikuwa umejaa. D.O. alikuwa mezani na chifu, Gachanja kando yao, kofia kichwani, uso wa mtu aliyesingiziwa. Seline akagonga ngoma. Ubeti wa banda ukapita salama, Gachanja akasimama, akainua kofia, akaketi. Kalekye akavuta pumzi.

*Moshi unapanda, kiwanda cha nani?*

*Cha Muigai*, wakajibu wanawake wake, vizuri kabisa, hata Syombua.

*CHA GACHANJA!* ukajibu uwanja mzima.

Walikuwa wakiujua wimbo kwa miaka. Hakuna aliyewaambia umebadilishwa. Wengine walijibu kwa mazoea, wengine kwa makusudi. Na Gachanja, aliposikia jina lake likitoka kwenye vifua vya watu wengi namna ile, alisimama. Akainua kofia. Akageuka pande zote, akitabasamu.

Uwanja ukanyamaza. Hata ngoma ilinyamaza. Gachanja alibaki na kofia juu, na tabasamu likamtoka polepole.

"Bwana Diwani," D.O. akasema, bila kupandisha sauti, "wameuliza mwenye kiwanda, na wewe umeitika."

"Nilikuwa... Nilikuwa nasalimia wananchi."

"Salimia Muigai!" mtu akapiga kelele, na kicheko kikaanguka kama ukuta. Kalekye hakucheka. Alitamani kumkalisha yule mzee kwa mikono yake mwenyewe, kama mtu anavyomkalisha mtoto kanisani. Kuketi tu! Alikuwa ametakiwa kuketi tu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Wachunguzi walitumwa Nyahururu, na Muigai, alipopatikana, alishangaa kusikia kwamba ana kiwanda. Kiwanda kikafungwa. Gachanja akaondolewa katika kamati, na mwisho wa mwaka, kwenye uchaguzi, akashindwa na karibu kila aliyesimama naye.

Kalekye hakupata shukrani popote. Soweto walimwambia alijaribu kumficha mwizi. Kawangware walimwambia amemmaliza mtu wao. "Niliimba Muigai," aliwaambia wa Kawangware. "Banda letu liko kwenye ploti ya mtu," aliwaambia wa Soweto. Mwishowe aliacha kueleza.

Gachanja alikuja bandani kwa miguu. Udiwani ulikuwa umekwenda; ploti hazikwenda popote.

"Jumamosi muwe mmetoka."

"Baba Waceke," Kalekye akasema, kwa kuwa Mheshimiwa hakuwa tena, "sisi tulisema Muigai. Wenzangu ni mashahidi."

"Mngeimba kwa sauti zaidi, wasingesikika wale."

Kalekye alikuwa na majibu mengi, na yote yangepotea bure. "Tutatoka," akasema. "Na mabati yetu."

"Mabati yamepigiliwa kwenye mbao zangu."

"Na misumari pia ni yetu. Mbao tutakuachia."

Jumamosi aliazima ngazi na nyundo ya kung'olea misumari, akapanda mwenyewe, kwa kuwa Syombua aliogopa juu na Seline hakuwa na miguu ya kupandia. Gachanja alisimama mlangoni pa duka lake la jirani akitazama paa likishuka bati kwa bati. Wapita njia walisimama pia, wakingoja matusi, wakaondoka bila kuyapata.

Kufika Soweto na mabati kichwani chini ya jua lile ilikuwa adhabu. Kabla hawajatoka Kawangware, lori likapunguza mwendo kando yao. Kiragu, diwani mpya, akachungulia dirishani.

"Akina mama! Pandeni, niwafikishe."

Wanawake wakamtazama Kalekye.

"Tutapanda," akasema. "Ahsante."

"Mtaniimbia kidogo njiani?"

"Koo limetukauka, Mheshimiwa."

Kiragu akacheka. "Nitawatafutia mahali pa banda. Kubwa kuliko lile!"

"Ukilipata, tuonyeshe."

Wakapakia mabati, wakayakalia. Lori likaondoka, na kabla ya kona ya kwanza Syombua akaanza kuvuma wimbo, taratibu, kwa furaha ya kupumzika tu. Kalekye akamfinya paja mpaka akanyamaza.