Mshona Mifuko Aliyewahi Kushona Nguo Nzima

Kiwandani mle hukuitwa kwa jina ulilopewa na wazazi wako. Uliitwa kwa kipande unachoshona. Wa kola aliitwa Kola, wa mikono aliitwa Mkono, wa zipu Zipu, na mzee mmoja mpole aliyekaa mwisho kabisa akipiga vifungo aliitwa Kifungo, mpaka siku moja wajukuu zake mwenyewe walipomletea dawa wakamwulizia mlangoni kwa jina hilohilo. Mwanamke wa mstari wa pili, kiti cha kumi na saba, aliitwa Mfuko. Kwa miaka mitatu alikuwa ameshona mifuko ya mashati, ya suruali na ya makoti ya wauguzi, na hakuwahi kuiona nguo hata moja ikiwa imekamilika, ila alipokutana nayo barabarani imevaliwa na mtu asiyemjua.

Mlango ulifungwa kwa komeo saa moja na nusu asubuhi, ukafunguliwa saa kumi na moja jioni. Ufunguo wa choo alikuwa nao msimamizi. Ukibanwa ulinyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Msimamizi aliitazama saa, kisha akakutazama wewe, kana kwamba kibofu chako kimekula njama dhidi ya kiwanda. Madirisha yalikuwa juu, karibu na dari, ya kuingiza mwanga na si ya kumwonyesha mtu chochote. Upande wa kulia wa Mfuko palikuwa na wavu wa chuma, na nyuma ya wavu kilikuwa chumba cha kukatia, chenye meza ndefu kama ukumbi. Wakataji walilipwa zaidi na walinyoosha miguu walipotaka. Mfuko hakupenda kutazama huko. Kiti chake alikiomba mwenyewe kigeuzwe kidogo, akasema mwanga unamwumiza macho.

Uongo mtupu. Kilichomwumiza kilikuwa meza.

Kwa maana kabla ya kuwa Mfuko, mwanamke huyu alikuwa Fundi. Mtaa mzima ulimwita hivyo, bila kuongeza kitu, kama vile mafundi wengine wote walikuwa wanajaribu tu. Alikuwa na chumba kimoja chenye mlango wa barabarani, cherehani tatu na meza ya kukatia aliyoiagiza kwa seremala mwenyewe, na kazi yake ilikuwa sare za shule. Akimwona mtoto anavuka barabara alijua suruali yake itakula kitambaa kiasi gani. Alikata matabaka ishirini kwa mkupuo mmoja na hakuna suruali iliyorudi kwa sababu mguu mmoja umezidi mwingine.

Alitandaza kitambaa kama wanavyotandaza mafundi wote wa sare: unakwenda nacho hadi mwisho wa meza, unakikunja, unarudi nacho, unakikunja tena, kwenda na kurudi, mpaka matabaka yanatosha. Kitambaa cha sare hakijali kinakoelekea. Ukikigeuza juu chini ni kilekile. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa, mikono ikazoea kiasi cha kutomwuliza mwenyewe.

Ndipo ikaja kwaya ya walimu. Walitaka joho arobaini za mahameli ya zambarau, za kuimbia mbele ya wageni waheshimiwa. Fundi hakuwahi kukata mahameli, lakini nguo ni nguo, na mtu aliyesifiwa miaka kumi na tisa haulizi maswali. Akatandaza kwenda na kurudi. Akakata. Yeye na wasaidizi wake wawili wakashona juma zima chini ya taa moja iliyokuwa inakonyeza, wakazifunga joho kwenye mifuko ya plastiki, wakazipeleka.

Sasa, mahameli ina manyoya, na manyoya yana upande wa kulalia, kama ya mgongo wa paka. Yakielekea juu, rangi inakuwa nzito na ya giza. Yakielekea chini, inapauka na kumetameta. Kifua cha kushoto cha kila joho kilitoka kwenye tabaka la kwenda, cha kulia kikatoka kwenye tabaka la kurudi. Mle chumbani, kwenye taa ile mbovu, hakuna aliyeona kitu. Lakini pazia la ukumbi lilipofunguliwa na taa kubwa zikawamulika, wakaonekana walimu arobaini wamesimama wima, kila mmoja nusu zambarau iliyoiva na nusu zambarau iliyochujuka, wakifungua vinywa kuimba. Fundi alikuwa amekaa safu ya tatu, amevaa vizuri, amealikwa. Nyuma yake mtu akauliza kwa sauti ya kutosha kama walimu hao wameoga upande mmoja. Kicheko kilianzia hapo, kikapanda mpaka safu ya wageni waheshimiwa. Kabla ya mwezi kwisha mji mzima uliwajua kama kwaya ya pundamilia.

Kitambaa alikilipa. Cherehani zikaenda, chumba kikaenda. Lakini hayo watu huyapoteza na bado wakaanza tena. Mji umejaa waliofilisika wakaibuka. Kilichomfunga Fundi ni kingine. Siku moja, nyumbani, alitaka kukata kipande cha pazia la jikoni, kitu cha kukata mtoto, na mkasi ukagoma mkononi. Akatazama kitambaa, akakigeuza huku, akakigeuza kule, jasho likamtoka. Pazia lile halikukatwa. Wiki iliyofuata akaenda kuomba kazi kiwandani, na alipoulizwa anajua nini akajibu kwamba anajua kunyoosha mshono.

Nyumbani aliishi na mumewe, mwendesha lori aliyelala nje ya mji siku tano kwa juma, na dada wa mumewe, mwanamke aliyeachika na asiyemwogopa mtu. Mume hakumkera. Wifi ndiye aliyekuwa sindano.

"Wifi, kidonda chako ni cha aina gani hicho?" alimwuliza jioni moja wakimenya viazi. "Mimi mume alinitoa nje na masanduku, nikalia miezi sita, mwezi wa saba nikapaka wanja. Wewe umeharibu manguo ya watu, hukuua mtu."

Mfuko alisema ameridhika na kazi aliyonayo. Wifi akamtazama, akasema hata kuku wa bandani hukaa akila vizuri, akaendelea na viazi vyake.

Jambo baya zaidi lilikuwa Kola. Kola aliketi kiti cha kumi na sita, bega kwa bega naye, na alikuwa na kipaji cha kusimulia. Kisa cha kwaya ya pundamilia kilikuwa kisa chake kikuu. Alikisimulia kila alipoajiriwa mtu mpya, na kila mara kiliongezeka: mara fundi yule alikuwa na jicho moja, mara alikuwa amelewa, mara mwalimu mkuu alizimia jukwaani. Hakujua kwamba fundi mwenyewe amekaa kando yake, anacheka pamoja na wengine. Mfuko alijifunza kucheka kwa kiasi kilekile kila mara, si kidogo kikaulizwa, si kikubwa kikashukiwa. Miaka mitatu ya kicheko cha namna hiyo. Sijui kama kuna mwajiri aliyewahi kumnyonya mtu kuliko hapo.

Kisha hoteli moja kubwa ikaagiza vizibao mia tano vya wahudumu wake. Mahameli nyekundu.

Mfuko aliletewa vipande viwili asubuhi, vya kujaribia mfuko mdogo wa saa. Alipovishika tu vidole vikajua. Akavishona, kidogo vimponyoke, akaviweka kwenye kikapu. Kisha akasikia nyuma ya wavu sauti aliyoifahamu kuliko sauti ya mumewe, ile ya kitambaa kizito kinachovutwa mezani. Hakutaka kugeuka. Akageuka.

Wakataji wawili walikuwa wanatembea na mahameli. Walikwenda nayo hadi mwisho wa meza, wakaikunja, wakarudi nayo. Wakaikunja. Wakaenda nayo.

Kiwanda kile hakikuwahi kushona ila sare na mashati, na mkataji mkuu alikuwa mtu wa sare. Mfuko alihesabu matabaka kwa macho: tisa, kumi, kumi na moja. Alijua vizuri mambo yatakavyokwenda. Vizibao vitarudishwa, hasara itagawanywa kwenye mishahara ya mistari yote, kama ilivyofanyika mashati yalipopata madoa ya kutu, na mwanamke wa mikono mwenye mapacha atakosa mwezi mzima kwa kosa la meza asiyowahi kuigusa. Alijua pia kwamba akifungua mdomo ataulizwa swali moja tu, amejuaje. Akajiambia kuna msimamizi, ataona. Msimamizi alikuwa anachokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu. Akajiambia mahameli za siku hizi huenda hazina upande. Akakitoa kipande kimoja kikapuni, akakipapasa juu, akakipapasa chini. Kilikuwa na upande.

Mashine ya kukatia ilipowashwa, Mfuko alisimama.

Kusimama bila ruhusa kulikuwa jambo kubwa kiasi kwamba cherehani za mstari wa pili zilinyamaza moja baada ya nyingine. Alipita kwenye kilango cha wavu, akaweka kiganja juu ya kitambaa, mbele ya wembe.

"Zima kwanza, kaka," alimwambia mkataji mkuu aliyeishika mashine. "Hicho hakitandazwi hivyo."

Mkataji alikuwa bwana mmoja mwenye tumbo na staha, asiyezoea kushikiwa kitambaa. Akazima, kwa sababu kiganja kilikuwa pale. Akauliza kwa upole wa kejeli tangu lini mifuko inafundisha meza. Wenzake wakacheka. Mfuko hakubishana. Alikunjua tabaka la juu na la chini yake, akayaweka sambamba, akayainua pamoja kuelekea mwanga wa dirisha. Moja lilikuwa jekundu kama damu. La pili lilikuwa la waridi lililofifia.

Mkataji alitazama la kwanza, akatazama la pili. Alipozungumza tena sauti haikuwa na kejeli.

"Dada, umejuaje wewe?"

Mstari mzima ulikuwa umesogea kwenye wavu. Kola alikuwa mbele, vidole vimeshika chuma.

"Zile joho za walimu nilizishona mimi," alisema Mfuko. "Nilitandaza hivihivi."

Alisubiri kicheko. Alikuwa amekisubiri miaka mitatu, akidhani kitakapokuja dari itaanguka. Kikaja kweli, mtu wa nyuma alicheka, mmoja, akaona yuko peke yake, akakigeuza kikohozi. Kola alikuwa amekodoa macho, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakuwa na la kuongeza.

Msimamizi akaja. Hakuuliza habari ya kitambaa. Aliwafukuza wote kwenye viti, akamwita Mfuko mezani kwake na kutoa fomu ya onyo. Aliijaza kwa mwandiko mzuri: ameacha kiti chake bila ruhusa, amezuia mashine, amesimamisha uzalishaji kwa dakika kumi na nne. Onyo la kwanza na la mwisho. Akaigeuza fomu na kuisukuma mbele yake, akaweka kidole mahali pa sahihi.

Vizibao mia tano vilikuwa vimeokolewa hatua kumi kutoka hapo, na mtu huyu alikuwa anahesabu dakika. Wapo wasimamizi wa namna hiyo kila mahali penye komeo, na si kwamba ni wapumbavu. Wamefundishwa kutazama viti.

Mfuko aliisoma fomu yote, polepole. Akasema yaliyoandikwa ni kweli lakini hayajakamilika, na kitu kisichokamilika yeye hatakitia sahihi. Msimamizi akamwambia asimletee siasa, asaini au akachukue mkoba wake. Akaona Mfuko ameichukua kalamu, akadhani yamekwisha. Mwanamke akainama na kuandika chini ya mwandiko ule mzuri, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara: NILIACHA KITI KWA SABABU MAHAMELI ILITANDAZWA KWENDA NA KURUDI. INATANDAZWA UPANDE MMOJA TU. NAJUA KWA SABABU NILIWAHI KUHARIBU JOHO AROBAINI. Chini yake akaandika majina yake, yale ya wazazi, yote matatu.

"Hii itaenda kwa tajiri," alisema msimamizi, kwa sauti ya mtu asiyejua tena kama anatisha au anaomba. "Yeye ndiye atakayeamua kesho."

"Iende."

Akarudi kwenye kiti cha kumi na saba. Mlango ulikuwa bado umefungwa kwa komeo, madirisha bado yako darini, na kikapu kilikuwa na mifuko mia tatu ya mashati isiyojua habari yoyote. Huenda kesho angetolewa nje. Huenda angeachwa hapahapa, na hilo nalo lilikuwa la kuogopwa. Akaingiza kitambaa chini ya sindano, akakanyaga.

Kola hakushona. Alikuwa amemgeukia, kola mbili zimeningʼinia mkononi.

"Duka lako lilikuwa mtaa gani, Fundi?" aliuliza.

Mfuko akamwambia. Alimweleza mtaa, rangi ya mlango, na kwamba chumba kilipigwa jua la asubuhi mpaka saa nne. Alizungumza bila kuacha kushona. Nyuma ya wavu wale wakataji wawili walikuwa wameanza upya: walikwenda na kitambaa hadi mwisho wa meza, wakakikata, wakarudi mikono mitupu, wakaenda tena.

"Na hasara yote ile," Kola alinongʼona, "uliilipa peke yako?"

"Peke yangu," alisema Fundi. Msimamizi akagonga meza kwa rula, na wote wawili wakainamia kazi.