Maziwa ya Matanga

Kwa sababu zamani nilikuwa mtumishi wa mezani kwa wazungu, watu wananiuliza: Papa, kwa nini tajiri anapeleka pesa yake mbali, kwenye benki ya nchi ambako hata hakuzaliwa, na hataki mtu ajue? Wanangoja niseme ni wizi. Wizi upo, sikatai. Lakini jibu langu sikulipata kwa mzungu. Nililipata kwa baba yangu mzazi, na mpaka leo linanichoma.

Tulikaa juu kwenye vilima vya Nyamitaba, huku Kongo, sisi watu wa ng'ombe. Ng'ombe gani sasa! Katika zizi letu walikuwa wawili, mmoja kizee asiyezaa tena, mwingine ukimkamua unapata kikombe kimoja na matusi ya mkia. Papa wangu alivaa koti lililopasuka mgongoni. Karani wa kodi alipopanda kilima chetu alilitazama koti, akalitazama zizi, akashuka. Wajomba nao waliokuja kuomba ndama walirudi mikono mitupu, wakimwonea huruma.

Wakati wa vita ya wazungu, nikiwa ningali mdogo, serikali ilipita vilimani kuhesabu mifugo na kuchukua nyama ya askari. Wazee walijifunza hapo kuogopa macho ya watu. Papa alijifunza kuliko wote. Vita ikaisha, woga wake haukuisha.

Alipenda sana kutembea. "Naenda kusalimia marafiki," anasema, anashika fimbo, anapotea siku nzima. Akirudi, hali chakula. Mama anamwekea ugali wa mahindi na maharagi, yeye anasukuma sahani: "Muwekee watoto. Akiba haiozi." Sisi tukadhani ni huruma. Mama alimsifu mbele ya wanawake wa kanisa: mume wangu anajinyima kwa ajili ya watoto. Ee Mungu wangu, jinsi tulivyokuwa wajinga!

Nilipokuwa kijana mzima, nikapata kazi kwa mzungu mmoja mwenye shamba la pareto na ng'ombe wa maziwa. Nilisimama nyuma ya kiti chake na kitambaa mkononi. Ni mwaka huo ndipo Mama alipoanza kukonda. Kikohozi, jasho, mifupa ya mabega inatoka. Muuguzi wa dispensari alimpima, akampa dawa, akanivuta pembeni.

"Dawa peke yake haitamusimamisha," alisema. "Anahitaji maziwa. Mingi, asubuhi na jioni, kila siku. Muko watu ya ng'ombe, hiyo haiwezi kuwa shida."

Nilimpelekea Papa maneno hayo. Alikuwa anachonga mpini wa jembe, hakuinua kichwa.

"Maziwa itatoka wapi? Si unaona zizi? Sina."

Alisema *sina* kwa sauti tulivu kabisa. Mama aliyekuwa amelala mkekani akamtetea. "Usimusumbue baba yako, mutoto. Mutu anatoa kile iko nayo."

Basi nikamwendea mzungu. Maziwa yake yalitengenezwa jibini ya kuuza Goma, madebe yalijaa kila alfajiri. Nilimwomba kibuyu kimoja kwa siku. Akashika kiuno, akaugua kama mgonjwa ni yeye. "Pole, lakini mwaka huu pareto imeanguka bei. Niko maskini kuliko wewe. Sina kitu."

Nilimwamini yeye pia. Kumbe!

Jumapili hiyohiyo alikuja mgeni, mwenye shamba mwenzake, wakaketi kula kuku. Waliongea Kifaransa, wakiniona kama kiti au kabati. Wamisionari walikuwa wamenifundisha Kifaransa, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza. Mzungu wangu akasema pesa ya shamba haikai Kongo hata wiki moja. Inakwenda Uswisi. Kule benki hailalamiki wala haiulizi, inakupa namba badala ya jina, na hata mkeo akienda kuuliza wanamwambia hatumjui.

"Unaogopa kodi?" mgeni akamuuliza.

"Kodi, ndiyo. Na vita, nilishaona vita ikila nyumba ya baba yangu. Na mke wangu na mawakili wake. Lakini zaidi ya yote," akafuta mdomo, "hapa kila mtu ananiomba. Pesa ikiwa hapa, nitaombwa mpaka niishe. Ikiwa mbali, nasema sina, na uso wangu haubadiliki. Ile ni ya watoto."

Nikapakua mchuzi. Sikumwaga hata tone, nilikuwa nimefundishwa vizuri. Ila moyoni nilimtukana kwa Kihunde, kwa Kinyarwanda, na kwa kile Kifaransa cha mapadri. Nikajiambia: afadhali Papa. Papa akisema hana, hana kweli.

Mama alifariki mvua ilipoanza. Alikuwa mwepesi, mimi peke yangu ningeweza kumbeba hadi kaburini.

Sasa sikilizeni desturi yetu. Mtu anaweza kumpa rafiki ng'ombe amtunzie. Mtunzaji anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Lakini mwenyewe akifiwa, mtunzaji lazima alete maziwa ya ng'ombe huyo matangani na aseme mbele ya watu yanatoka wapi. Asipokuja, anaitwa mwizi. Papa alikuwa amewakwepa serikali, wajomba, na mke wake. Matanga aliyasahau.

Mtunzaji wa kwanza alifika tukiwa tumeketi na waombolezaji. Akatua kibuyu mlangoni, akavua kofia. "Pole, Papa. Maziwa hii ni ya ng'ombe yako, ile ya mabaka."

Watu wakatazamana. Kabla hajakaa, wa pili akaingia kutoka upande wa Mweso, na vibuyu viwili. Kisha wengine. Papa akainuka, akaenda kunong'ona na mmoja wao: "Weka nyuma ya nyumba, kaka." Yule akakataa kwa sauti. "Nyuma? Kesho mutasema nimeiba! Inabaki hapa hapa, watu waone." Wa mwisho alikuja jioni kutoka njia ya Walikale, pale majani yanapokwisha na pori linaanza. Huko nani angetafuta ng'ombe? Vibuyu vilijaa kizingiti chote, ikabidi watu wavipite pembeni ili waingie kutoa pole.

Nikaelewa zile safari. Nikaelewa kwa nini alirudi ameshiba. Shangazi yangu alianza kulia upya, kilio kingine kabisa.

Nilichukua kikombe cha Mama, kile cha bati chenye sikio lililovunjika, nikakijaza mpaka juu. Nikakiweka mikononi mwa Papa mbele ya watu wote.

"Kunywa, Papa. Muuguzi alisema asubuhi na jioni. Sasa ni jioni."

Hakunywa. Alikishusha kikombe, maziwa yakamwagika kidogo kwenye koti lile lililopasuka.

"Nilikuwa nawawekea ninyi," alisema.

Papa naye alishazikwa zamani, ng'ombe tuligawana, mimi nikauza wangu wote. Lakini neno lile bado nalitafuna. *Ninyi*, alisema. Nawauliza na ninyi mnaoniuliza habari za Uswisi: hao *ninyi* ni nani, kama Mama hakuwemo?